Shahidi Aliyeacha Kukohoa

Nakutegea wewe uliyeshika gazeti, na usimchungulie jirani yako. Ndugu wawili wanaishi nyuma ya nyumba, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hawatoki nje, hawapiki, hawaimbi. Kazi yao ni kuchuja, asubuhi hadi asubuhi. Lakini wakijiona wamepunjwa, hutuma wajumbe mpaka nyumba nzima ikabanwa mbavu. Ni akina nani hao?

Wako watakaosema machujio ya chai. Wako watakaosema wapangaji wa chumba cha uani. Wote wamekosa. Basi nipe mji, wowote ule, nikae humo nile nishibe, kisha nikwambie: ni figo.

Na figo za leo ni za bwana mmoja aitwaye Shahidi, mhudumu wa ofisi ya msajili wa ndoa. Jina lake la kuzaliwa lipo kwenye kitambulisho, lakini hata mkewe akimwita kwa jina hilo, yeye hugeuka nyuma kuona anaitwa nani.

Ni saa mbili asubuhi, siku ya Ijumaa. Shahidi amepiga magoti kwenye ukumbi wa ofisi, anasugua maua ya plastiki kwa mswaki wa zamani, jani kwa jani. Kitambaa cha meza kina doa la wino; anakalisha juu yake chombo cha maua, doa linakwisha. Zulia jekundu limechakaa pale maharusi wanaposimama, kwa hiyo analivuta na kuligeuza, palipochakaa paingie chini ya meza.

Kisha anapanga viti, na kila kiti kina mwenyewe.

"Hiki chenye mikono ni cha mama wa bibi harusi," anasema. "Huyo ndiye anayezimia. Baba hazimii. Baba huuliza choo kiko wapi."

Kwenye mtoto wa meza ana tai za akiba, brashi ya viatu, pini na pete za shaba za kuazima.

"Bwana harusi anaweza kusahau tai, anaweza kusahau pete. Kuna mmoja alisahau jina la bibi harusi. Hilo sikuwa nalo la akiba."

Jina la Shahidi limetokana na kazi hiyohiyo. Sheria inataka mashahidi wawili, na maharusi wengi hufika na mmoja na nusu: mmoja amekaa, wa pili yuko njiani, na njia yenyewe haifiki. Hapo Mama Msajili, mwanamke wa maneno machache na miwani mikubwa, humtazama mhudumu wake, naye huvaa koti na kuweka sahihi. Amefanya hivyo kwa miaka kumi na minane. Mshahara wake ni wa kuuvuka mwezi kwa kunyata, lakini sahihi yake imelala kwenye makabati ya nusu ya mji.

Watu humsimamisha njiani. "Shahidi, ile ndoa yako imenishinda."

"Mimi nilishuhudia mkiingia," huwajibu. "Ya ndani sikuwepo."

Asubuhi hii anapanga viti polepole. Kichwa kinamgonga kama mlango wa mtu anayedaiwa kodi. Viatu vimemkaba. Kila akiinama anashika ukingo wa meza kwanza, na anapoulizwa kama yuko salama, anasema zulia limekuwa zito.

Zulia ni lilelile. Kilichobadilika ni yeye.

Ilianza mwaka juzi, viatu vilipoanza kumbana kila ikifika alasiri. Mkewe alisema amenunua viatu vya bei ya kutupa. Kisha mkojo ukaanza kutoa povu kama maji ya kufulia.

"Nilidhani ni sabuni ya choo cha ofisi," Shahidi anakumbuka. "Nikamlaumu mfagizi. Masikini ya Mungu, mfagizi hakuwa ametia sabuni mwezi mzima."

Alipofika kliniki, presha ilikuwa imepanda mno, na kijiti cha kupimia mkojo kilibadilika rangi kabla hajamaliza kukikabidhi. Aliyekipokea ni muuguzi kijana ambaye kliniki nzima humwita Sista, binti mwenye sauti ya kuamsha wodi na mikono ya kulaza watoto. Alimkalisha.

"Baba, umewahi kuishi na mama mkwe?"

"Nimeishi naye. Nilitoka salama."

"Basi figo iliyougua ni kama mama mkwe mwenye shaka. Chakula kimejaa mezani, yeye analalamika anashindishwa njaa. Damu inapita tele, presha iko juu, lakini figo yenye makovu inahisi damu haiifikii. Inafanya nini?"

"Inapeleka maneno kwa majirani."

"Hapo umesema. Inatuma homoni inaitwa renini. Huyo hana nguvu yake mwenyewe, kazi yake ni kuamsha wengine. Mwisho wa safari anaamka angiotensini, na huyo ndiye mkali. Anaminya mishipa ya damu kama mtu anayekamua shuka. Hajatosheka. Anapanda juu ya figo, kuna tezi imekaa pale kama kofia, anamtoa mwenzake aldosteroni. Huyo wa tatu anasimama mlangoni: chumvi isitoke, maji yasitoke."

"Na presha?"

"Inapanda. Ikipanda inaumiza chujio la figo ileile iliyolalamika. Chujio likilegea, protini ya mwili inapita kwenye mkojo. Ndilo povu lako hilo. Nayo figo ikiumia zaidi, inalalamika zaidi, inatuma wajumbe wengine."

"Sista, huyu mama mkwe anachoma nyumba aliyolala ndani yake."

"Ndiyo. Na wewe ndiye mwenye nyumba."

Akampa kidonge cheupe, kidogo kama kifungo cha shati la mtoto. Kidonge hicho, alimweleza, kinamzuia yule mkali asiamke kabisa. Lakini kinywewe kila siku, si siku mtu anapojisikia vibaya, maana presha haina tabia ya kupiga hodi.

Shahidi alikinywa. Povu likapungua, viatu vikalegea, mkewe akaviomba radhi. Mambo yakawa mazuri, mpaka siku alipokohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, hakina makohozi wala homa. Ni mtekenyo tu kooni, kama unyoya. Kwa mtu wa kazi nyingine kingekuwa si kitu. Lakini tazama kazi ya Shahidi. Yeye husimama nyuma ya maharusi, hatua chache kutoka mlangoni. Na kabla ya kufungisha ndoa, Mama Msajili lazima aulize: kuna mtu yeyote anayejua sababu ya kuwazuia hawa wawili wasioane? Kisha hunyamaza, watu wote hunyamaza, na nzi akipita husikika.

Ni katika kimya hicho Shahidi alikohoa.

Nasi tunajua kikohozi cha mtu mzima kina kazi gani. Mtu mzima hukohoa kabla ya kuingia uani, wanaomsengenya wajipange. Hukohoa akiwa chooni, ajulikane yupo. Hukohoa kijana anapodanganya mbele za watu. Kikohozi cha mzee si ugonjwa, ni hotuba fupi.

Bwana harusi wa siku ile aliisikia hotuba, jasho likamtoka. "Basi," akasema, "nitasema mwenyewe. Ile nyumba niliyokuonyesha ni ya bosi wangu."

Bibi harusi alimtoa nje. Walirudi baada ya muda mrefu, wakaoana, ila bwana harusi aliweka sahihi akiwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja sahani.

Wiki iliyofuata akakohoa tena. Baba wa bibi harusi akasimama. "Nilijua. Tangu mwanzo nilijua. Sema mzee mwenzangu, unamfahamu vipi huyu kijana?"

"Simfahamu, mzee. Ni koo tu."

"Koo la mtu mzima halisemi bure."

Mama Msajili aliteremsha miwani. "Shahidi, umepinga au umekohoa?"

"Nimekohoa, mama."

"Waeleze."

Akawaeleza, mbele ya watu waliovaa vizuri, kwamba kikohozi chake hakina maana yoyote. Tangu hapo Mama Msajili akawa anaanza kila ndoa kwa tangazo: kikohozi cha mhudumu si pingamizi. Likazidisha balaa, kwa sababu sasa wageni walikaa wakikisubiri. Vijana wa nyuma walikazana kujizuia kucheka. Bibi harusi mmoja alikataa kuendelea mpaka Shahidi akohoe kwanza, aone kama ndicho kilekile alichosimuliwa.

Mkewe alijaribu asali, akajaribu tangawizi, akajaribu kumfunga skafu. Siku ya kliniki Sista akamuuliza, "Kikohozi hiki kimeanza lini?"

"Cha ukoo, Sista. Baba yangu alikohoa mpaka akatuzaa."

Sista akafikiri ni mzaha tu, foleni ikiwa ndefu nje, akamwachia.

Hatimaye Mama Msajili alimwita ofisini kwake. "Kikohozi kingine kwenye swali langu, nakuhamishia ghala la mafaili. Huko ukohoe mpaka panya wahame."

Shahidi alilijua ghala lile. Halina dirisha, halina maharusi, halina mtu wa kuazima tai. Kwa mtu aliyezoea kuvaa koti na kupigiwa vigelegele visivyo vyake, huko ni kuzikwa na mafaili.

Mwenye kumfumbua macho alikuwa mgonjwa mwenzake, fundi cherehani, walipokaa benchi moja kliniki.

"Ni hicho kidonge," fundi alimnong'oneza. "Si wote, lakini wengine kinatukohoza. Mimi nilikohoa mpaka mbwa wa jirani akawa ananiitikia."

"Ukamwambia Sista?"

"Nimwambie nini? Kuna bwana alilalamika hapahapa. Wiki ya pili nilimwona kwenye ile mashine ya kusafisha damu, mirija imemtoka mkononi. Nyamaza, ndugu yangu."

Ukweli ni kwamba bwana yule alifika hospitali figo zimeshakwisha, na alalamike asilalamike, mashine ilikuwa yake. Lakini habari za benchi hazipimwi na daktari. Shahidi akanyamaza.

Kwanza alijaribu kuruka dawa siku za ndoa tu. Kikohozi hakikujali, cha namna ile huchukua wiki kadhaa kuondoka, hakina habari na kalenda ya ofisi. Akarudi kumeza na kukohoa, akikimbilia nje kila Mama Msajili alipofikia swali, kama mtu aliyeacha sufuria jikoni. Ndoa nyingi zilifungwa hivyo, shahidi yuko nje anakohoa kwenye ukuta.

Kisha likaja tangazo.

Ni kazi ya Shahidi kubandika matangazo ya ndoa kwenye ubao wa nje, mwenye pingamizi asome aje aseme. Asubuhi moja alikuwa na pini mdomoni, akasoma jina la bibi harusi, pini ikataka kumwingia kooni. Ni Sista. Anaolewa na fundi redio wa mtaa wa nyuma ya soko.

Kabla hajamaliza kushangaa, mwenyewe akatokea. "Baba, nina shahidi mmoja tu. Utaniwekea sahihi?"

Utamkatalia vipi? Huyu ndiye aliyemkimbiza hadi getini siku aliposahau dawa zake. Ndiye aliyempima presha siku moja zamu imekwisha, mkoba uko begani tayari. Sasa shahidi wa harusi yake akimbilie nje kukohoa? Au akohoe mle ndani, fundi redio aanze kuungama asiyoulizwa?

Siku hiyohiyo Shahidi aliacha kumeza dawa. Mkewe alipompa maji, alikiweka kidonge shavuni, akanywa maji, akasema ahsante, kisha akaenda dirishani kukitema kwenye chungu cha ua.

"Lile ua," mkewe angesema baadaye, "halijui presha ni kitu gani."

Kikohozi kikaanza kupungua. Presha nayo ikaanza kupanda. Sista alipoiona namba kwenye mashine, alimtaka arudi kila wiki, na kila wiki alimuuliza swali moja: dawa unakunywa kila siku?

Mara ya kwanza Shahidi alisema, "Sista, hivi siku hizi maharusi mnavaa viatu virefu au vya kawaida? Nijue nitandike zulia vipi."

Mara ya pili alisema, "Kwani dawa ni ya kuogea?"

Mara ya tatu ilikuwa jana. Povu limerudi, miguu imevimba, na kile kitambaa cha kupimia presha kilimkamata mkono kama askari aliyemtafuta muda mrefu. Sista aliweka kalamu chini.

"Baba, daktari anataka kukuongezea dawa ya pili, maana hii inaonekana imeshindwa. Lakini kama hunywi, tutakuwa tunampiga punda ambaye hayupo. Nakuuliza tena. Unakunywa?"

"Kesho unaolewa, mwanangu. Nenda kapake hina."

"Kama inakusumbua, sema. Zipo nyingine."

Aliposikia "nyingine", Shahidi aliiona mashine na mirija yake. Akachukua kofia akatoka.

Ndiyo maana asubuhi hii anashika meza kabla ya kuinama. Ukimuuliza mpango wake ni upi, atakwambia bila kusita: kufika siku ya kustaafu akiwa amesimama palepale nyuma ya maharusi, na koti lake, na figo zake mbili alizozaliwa nazo. Ukimuuliza atafikaje huko bila dawa, atakuomba umsogezee kiti.

Saa nne ukumbi unajaa. Wauguzi wamekuja wengi hata mtu anajiuliza nani amebaki na wagonjwa. Mke wa Shahidi naye amealikwa. Mama wa bibi harusi amekataa kile kiti chenye mikono, akisema hajaja kuzimia, kwa hiyo mke wa Shahidi amekikalia yeye. Fundi redio amevaa tai ya kuazima, ya bluu. Sista ameingia, na sauti yake yote ameiacha nje. Anaitikia salamu kwa kichwa.

Mama Msajili anasoma anayopaswa kusoma. Leo hasomi tangazo la kikohozi. Anamtupia Shahidi jicho moja juu ya miwani, na jicho hilo lina harufu ya ghala la mafaili.

"Kuna mtu yeyote," anauliza, "anayejua sababu ya kuwazuia hawa wawili wasioane? Aseme sasa."

Ukumbi mzima unageuka. Shahidi anatazama dari. Feni inazunguka. Mtu fulani nyuma anajikuna.

Kimya.

"Leo vipi?" mgeni mmoja ananong'ona, kama aliyeahidiwa ngoma akakuta viti.

Mama Msajili anavua miwani, anaifuta, anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Anachukua kalamu. Kila mtu amekwisha kugeuka mbele, isipokuwa bibi harusi.

"Shahidi."

"Naam, Sista."

"Mbona hukohoi?"

"Nimepona. Endelea kuolewa, mwanangu."

"Umepona lini?"

"Siku hizihizi."

Sista anamtazama miguuni, kwenye viatu vilivyolegezwa kamba. Anamtazama usoni. Kile alichokosa kukiona kwenye foleni ya kliniki kinamfikia sasa, akiwa na maua mkononi. "Cha ukoo hakiponi, baba. Na cha kidonge kinaondoka kidonge kikiondoka."

Fundi redio anamgusa kiwiko. "Mke wangu, watu wanasubiri."

"Sijawa mke wako bado. Subiri nawe."

"Bibi harusi," anauliza Mama Msajili, "hili ni pingamizi?"

"Ni swali, mama. Nimemuuliza kliniki mara tatu. Ananijibu habari za viatu."

Mama Msajili anaweka kalamu chini. Miaka yote hii amesikia mengi kwenye chumba hiki, hili hakulisikia. "Shahidi, kwenye meza yangu hakuna atakayetia sahihi na swali limemning'inia kichwani. Mjibu."

Shahidi anautazama mlango. Mlango uko mbali kuliko alivyoupima asubuhi. Anamtazama mkewe.

"Usinitazame mimi," anasema mkewe kutoka kwenye kiti cha kuzimia. "Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta maji."

"Mtanipeleka kwenye mashine," Shahidi anasema, na sauti inamtoka ndogo, kama ya mtu aliye chooni.

"Nani kakwambia?"

"Benchi."

Wauguzi wanacheka. Sista hacheki. Anainua pindo la gauni, anatoka mbele, anapita katikati ya viti mpaka aliposimama yule mzee, akamshika mkono palepale anapomshika kila akimpima.

"Mashine ni ya figo zilizokwisha, baba. Zako hazijaisha, ila unazimaliza. Kuna kidonge kingine, ndugu yake huyu. Hiki hakimzuii yule mkali kuamka. Kinamfungia mlango tu, abaki anagonga nje. Wengi wanaokunywa hicho hawakohoi. Jumatatu daktari anaweza kukubadilishia. Lakini leo anaamini unakunywa, na kwa imani hiyo atakuongezea dawa juu ya dawa usiyoimeza. Nakuuliza mara ya nne, na hawa wote wanisikilizie. Dawa unakunywa kila siku?"

Feni inazunguka. Hakuna anayejikuna.

"Sinywi," anasema Shahidi. "Niliacha siku ile nilipobandika tangazo lako, ili harusi yako ipite bila mtu kukohoa."